Nilivyowaathiri Vijana Mia Moja na Kumi na Wawili

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, au lilikufikia likiwa limekwisha kufungiwa misumari dukani, nikuweke sawa kwa maneno machache, kisha tuingie kwenye aibu yenyewe.

Mimi ni mstaafu. Miaka thelathini na mmoja nilisoma mita za maji nyumba kwa nyumba, na mpaka leo mtaani naitwa Mzee Mita. Mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, ana karakana anayofundishia vijana kutengeneza feni na majokofu. Karakana inafadhiliwa na tajiri mmoja wa magodoro ya sponji. Sisi humwita Mzee Godoro, kwa sauti ya chini.

Ikaja ofisi ya tathmini kupima kama ufadhili huo unawafaa vijana au ni maji kwenye mchanga. Ofisi ikatafuta mhoji: mtu anayejua kubisha hodi na kujaza fomu bila kutoka nje ya mistari. Nikajitokeza. Nikahoji vijana mia moja na kumi na wawili kwa siku tatu, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Nikavishwa kofia yenye maandishi MHOJI BORA, nikarudi nyumbani nimevimba kichwa hadi kofia ikanibana.

Hapo ndipo nilipowaachia. Sasa sikieni kofia ilivyonitokea puani.

Jumatatu asubuhi nakunywa chai, kofia kichwani. Mpwa wangu akaingia bila hodi, ovaroli imejaa grisi, karatasi mkononi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chai."

"Sitaki chai. Uliwauliza nini wanafunzi wangu?"

"Nilichoandikiwa kuuliza."

Akaniwekea karatasi mbele ya kikombe. Nikaisoma kwa sauti, maana mimi husoma kwa sauti: "Kwa kuwa tathmini imebaini kuwa mradi hauna athari yoyote kwa vijana, karakana itafungwa siku ya Ijumaa saa nne asubuhi. Mitambo yote ikabidhiwe pamoja na funguo."

Nikamtazama. "Sasa hapa tatizo liko wapi? Wanasema hakuna athari. Wamekusifu."

Mke wangu alikuwa akifagia kibarazani. Akaegemea ufagio dirishani. "Mzee, barua ya sifa inaomba funguo?"

Sasa niungame, maana ndiyo kazi ya ukurasa huu.

Ile fomu ilikuwa na maswali ishirini na manne. Swali la saba lilisema: Je, mradi umekuletea athari yoyote? Ndiyo au Hapana. Chini yake, kwa herufi za kuchungulia: Ikiwa ni Hapana, nenda swali la ishirini na nne. Na swali la ishirini na nne halikuwa swali, ilikuwa nafasi ya kutia sahihi.

Kijana wa kwanza kumhoji alikuwa yule mnene wanayemwita Kompresa. Nilipomsomea la saba, akajikuna kisogo.

"Mzee Mita, athari ndiyo nini?"

Mtu mwingine angesema sijui. Lakini mimi nimejisomesha mwenyewe. Nina kamusi. Niliiokota mwaka lilipopasuka bomba kuu, na imenifundisha mengi, ila kurasa za mwanzo zilikwenda na maji. Kamusi yangu inaanzia herufi B. Maneno yote ya A nayajua kwa kukisia.

"Athari ni madhara, kijana wangu," nikamwambia. "Mabaya yanayompata mtu. Husikii redioni, waathirika wa mafuriko? Sasa nakuuliza: huyu Fundi wenu, mpwa wangu, amekufanyia ubaya wowote?"

Kompresa aliruka kama amekanyaga waya wa umeme. "Fundi? Haki ya Mungu, hapana! Andika hapana kubwa!"

Nikaandika hapana kubwa. Tukaruka hadi kwenye sahihi. Dakika tatu, kijana kamaliza. Nikaona mambo si ndiyo haya! Kuanzia hapo sikusubiri kuulizwa. Kila aliyekaa mbele yangu nilimweleza mapema maana ya athari, na kila mmoja akamtetea Fundi wake kama anatetea mama yake mzazi. Mmoja alitaka kunipiga kwa kuuliza tu.

Hapana mia moja na kumi na mbili. Kofia hiyo.

"Mjomba," mpwa wangu akasema, taratibu, kama anamweleza mtu habari ya msiba, "kwa watu wa ofisi, athari ni mabadiliko. Ni chochote ambacho mradi umemfanyia mtu. Hata kizuri."

"Hata kizuri?"

"Hasa kizuri."

Chai ikanipalia. Mke wangu akaja kunipiga mgongoni, na kwa jinsi alivyopiga nilijua si chai peke yake aliyokuwa akiitoa.

"Miaka thelathini na mmoja unasoma mita," akasema. "Neno moja tu limekushinda?"

"Neno halina sindano," nikamjibu. "Ningeonaje linasoma ngapi?"

Mpwa wangu hakucheka. Akakaa kwenye kigoda, mikono yenye grisi akaiweka magotini. "Wamebakiza wiki tano wafanye mtihani. Nikifunga Ijumaa, hakuna atakayepata cheti. Hata mmoja. Nitawaambia nini?"

Hapo kofia nikaivua.

Ofisi ya tathmini iko ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Msimamizi ni kijana wa tai, mpole, mwenye kalamu nne mfukoni. Nimempa jina la Bwana Viashiria, kwa sababu kwake kila kitu ni kiashiria. Mvua ikinyesha, husema kiashiria cha mvua kimepanda.

"Bosi," nikamwambia, "kuna kosa dogo."

Akachomoa kalamu. "Kosa la sampuli, kosa la zana, au kosa la mhoji?"

"La mjomba."

"Hiyo aina haipo kwenye mwongozo."

Hapa ndipo nilipopata nafasi ya kusema kweli. Nilikuwa nayo mdomoni, imekaa vizuri. Lakini nyuma yake ukutani walikuwa wamebandika picha yangu na ile kofia. Nikaitazama. Nikaimeza kweli yangu.

"Vijana hawakulielewa neno," nikasema. "Vijana wa siku hizi, unawajua. Tulibadilishe, tuwaulize kama mradi umewasaidia."

Bwana Viashiria akashika fomu kifuani kama mtoto mchanga. "Mzee wangu, fomu imepigwa mhuri. Neno haliguswi."

"Basi niwaeleze maana."

"Ukieleza unachafua jibu. Jibu linatakiwa safi." Akafikiri, akabofya kalamu mara tatu. "Ninaloweza ni uhakiki. Jumatano, vijana kumi, swali lilelile, herufi kwa herufi. Nami nitakuwepo. Wakijibu tofauti, barua naisimamisha."

Nilishuka ngazi nikiwa nimepona. Sikujua kwamba nilikuwa natoka kwenye dimbwi kuingia kisimani.

Jumanne nikaenda karakana wakati mpwa wangu amekwenda kutafuta gesi ya majokofu. Nikawakuta vijana wamezunguka jokofu lililofunguliwa mgongo, kila mmoja na bisibisi yake.

"Sikilizeni. Kesho kumi kati yenu mtaulizwa tena kama mmeathirika. Semeni ndiyo."

Binti mmoja mwembamba wanayemwita Feni, kwa vile hanyamazi mpaka azimwe, akanyoosha mkono.

"Mzee Mita, wiki iliyopita si ulisema athari ni madhara?"

"Wiki iliyopita ilikuwa wiki iliyopita."

"Kwa hiyo wiki hii tumedhurika?"

Msomaji, ningeweza kusema: nilikosea, binti yangu, neno lile silijui. Maneno matano au sita. Lakini vijana wale walikuwa wamezoea kuniuliza maana ya kila kitu, toka maandishi ya kwenye dawa hadi barua za mapenzi. Nikaona nikikosea athari leo, kesho wataniuliza na yale mengine niliyowaambia.

"Mmedhurika," nikasema. "Tena vibaya. Msiniulize kwa nini. Mkisema mmeathirika, karakana inabaki. Mkisema hamkuathirika, Ijumaa mnakabidhi bisibisi."

Wakatazamana.

"Yaani tumchongee Fundi ili tumwokoe?" akauliza Kompresa.

"Ndivyo dunia ilivyo siku hizi."

"Na wakiomba ushahidi?"

Nikatikisa mkono, nikasema kwa haraka zangu, "Mtajua wenyewe!" Nikaondoka. Laiti ningalikatwa ulimi pale mlangoni.

Jumatano saa tatu tukapanga meza uani. Bwana Viashiria akakaa, akapanga kalamu zake nne kwa urefu. Mimi kando yake na fomu. Mpwa wangu tulimwomba asikaribie, asije akachafua majibu.

Wa kwanza kutokea alikuwa Kompresa. Alikuwa amefungwa mguu wa kulia, toka unyayo hadi paja, kwa ile plasta ya kung'aa ya kuzibia mabomba ya jokofu. Anatembelea fito mbili za pazia.

Nyuma yake Feni, mkono umening'inizwa shingoni kwa waya wa feni, plagi inacheza kifuani.

Nyuma yao wengine wanane. Mmoja jicho limezibwa, mmoja anasukumwa kwenye toroli, mmoja anatetemeka bila kisa. Wodi nzima.

Nikamgeukia Bwana Viashiria. Alikuwa ameinamia fomu. Nikagundua jambo ambalo ningepaswa kuligundua zamani: yule bwana hutazama karatasi, hatazami watu.

"Soma," akaniambia.

Nikasoma. "Je, mradi umekuletea athari yoyote?"

"Ndiyo," akasema Kompresa, akilia kwa ndani.

Bwana Viashiria akashtuka kwa furaha. "Ndogo, ya wastani, au kubwa sana?"

"Kubwa sana. Mguu ndio huu."

"Mguu hauna kisanduku. Kubwa sana." Akatia alama. "Anayefuata!"

Feni akakaa, plagi ikagonga meza.

"Athari?"

"Ndiyo. Kubwa kuliko ya huyo."

"Toa mfano mmoja."

"Zamani nilikuwa nalala vizuri. Siku hizi silali. Nikipita mtaani nasikia feni za watu zinavyolia, roho inaniuma, naingia majumbani mwao kuzitengeneza."

Na hilo, nakuapia, lilikuwa kweli tupu. Bwana Viashiria akaandika, anatamka huku anaandika: "Mabadiliko... ya... tabia. Safi sana."

Akaja yule wa kwenye toroli. Kwa bahati mbaya aliupenda uigizaji.

"Mimi nilikufa," akasema.

"Lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Na sasa hali ikoje?"

Kijana akatafuta cha kujibu. "Sasa... naendelea."

"Athari endelevu," akaandika Bwana Viashiria, akaipigia mstari.

Kumi kwa kumi. Ndiyo kumi, kubwa sana kumi. Bwana Viashiria alikunja zile fomu kwa mikono miwili, macho yamemlowa.

"Mzee wangu, miaka tisa katika kazi hii sijaona kumi kwa kumi. Hizi hazipiti mezani kwa mtu. Nazipeleka leo hii kwa mfadhili mwenyewe, mkononi."

Alipotoka, mpwa wangu alikuja mbio uani. Vijana walikuwa wamekwisha kuingia kubandua plasta, hakuona kitu.

"Wamesemaje, mjomba?"

"Athari kubwa sana. Wote."

Alinikumbatia, grisi yote ikahamia kwenye shati langu. "Kumbe nimewaathiri!" akasema, anacheka na kulia kwa pamoja. "Nimewaathiri kabisa!"

Usiku ule nililala kama mfu. Na Alhamisi ilipita vizuri, kama siku zinavyopita vizuri kabla ya balaa.

Ijumaa, saa nne kasoro, tukasikia lori. Mpwa wangu alikuwa stoo anabadilisha ovaroli, akitarajia wageni wa kumpongeza. Mimi nikaenda getini.

Lori lilijaa magodoro mpaka juu. Likafuatiwa na gari dogo. Akashuka Mzee Godoro mwenyewe, mtu mzima wa umri wangu, kanzu nyeupe, leso usoni, analia waziwazi bila aibu. Nyuma yake wauguzi wawili na askari mmoja mwenye shingo nene. Mwisho kabisa akashuka Bwana Viashiria, anatabasamu, haelewi lolote.

"Wako wapi?" akauliza Mzee Godoro. "Wako wapi watoto wangu walioathirika?"

Vijana walipomsikia, wakakumbuka ushahidi. Nikasikia kule ndani plasta inavutwa, kraa, kraa, kraa. Wakatoka wakichechemea. Safari hii wote mia moja na kumi na wawili.

Mzee Godoro akashika kifua. "Shusheni! Kila mmoja na godoro lake!"

Wakashusha. Uwanja ukawa sponji tupu. Kompresa akalazwa, wauguzi wakashindana na ile plasta. Feni akapimwa joto, akaambiwa anyamaze, akashindwa. Yule aliyekufa mwezi wa tatu akapewa magodoro mawili.

Nikamsogelea tajiri. "Mheshimiwa, pengine hili neno..."

Akanishika mkono. "Wewe ndiye mhoji?"

"Ndimi."

"Ndugu yangu, mimi si mtu wa shule nyingi. Nilianza na kushona magunia. Waliponiletea taarifa ya kwanza nikaisoma mwenyewe: vijana mia moja na kumi na wawili, athari sifuri. Nikasema, alhamdulillah, hakuna hata mmoja aliyeumia! Fundi huyu ni dhahabu. Wakaniletea na karatasi nyingine, nikaisaini kwa furaha, sikuisoma hata mstari. Nikadhani ni ya kumpongeza."

Mtu pekee mwenye funguo za kila kitu alilielewa lile neno vilevile nilivyolielewa mimi. Alifurahi tangu siku ya kwanza. Ningalikwenda kwake Jumatatu nikamwambia sentensi moja, yangeisha pale. Badala yake nimemletea waathirika mia na zaidi.

"Mheshimiwa," nikaanza tena, "ile karatasi uliyosaini..."

Hakunisikia. Kompresa alikuwa amepiga ukelele. Plasta ilikuwa imeondoka na vinyweleo vya mguu mzima, na safari hii maumivu yalikuwa ya kweli.

Mzee Godoro akasimama katikati ya magodoro. Leso ameitupa. Uso umebadilika, umekuwa uso wa mtu aliyeshona magunia.

"Nataka kumjua," akasema, na uwanja ukanyamaza, hata Feni. "Nani aliyewaathiri watoto hawa?"

Vijana wakanitazama. Mimi nikamtazama Bwana Viashiria. Bwana Viashiria akatazama karatasi.

Mlango wa stoo ukafunguka.

Mpwa wangu alitoka na ovaroli mpya iliyopigwa pasi, nywele kachana, anang'aa kama siku ya harusi yake. Alikuwa amesikia swali lile moja tu. Nikampungia mkono, nikatikisa kichwa, nikaweka kidole mdomoni. Akadhani namshangilia, akanipungia na yeye.

"Ni mimi," akasema.

Askari akafungua kifungo cha mfuko wa pingu.

"Wewe?" Mzee Godoro akamsogelea. "Peke yako? Wote hawa?"

"Wote, mzee wangu, kwa mikono yangu hii miwili," akajibu mpwa wangu, na kifua akakitoa mbele. "Na mwakani, ukinipa nafasi, nitawaathiri mia mbili."